Msiba Usitangazwe Leo

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Rozalia ni muuguzi wa Hospitali ya Nyalulembe, huko juu milimani Iringa. Wenye hospitali ni bodi yenye ofisi yake Mbeya, na bodi hiyo ilishakata shauri: wananchi hawaitaki hospitali, basi ifungwe, na daktari pekee anayejua kupasua, Dokta Gwakisa, ahamishiwe Uyole.

Hiyo "hawaitaki" waliitoa wapi? Waliitisha mkutano, wakaja na gari lao zuri, wakakuta uwanjani mlinzi na mbuzi. Siku ile kulikuwa na msiba kijiji cha pili. Na huku kwetu, ndugu msomaji, msiba ukilia hakuna mkutano. Hakuna jembe, hakuna soko, hakuna cha harusi wala cha siasa. Mwanamke anafunga kanga kiunoni, anabeba unga na kuni, anakwenda. Mwanamume anachukua sepeto. Asiyekwenda, siku yake ikifika atajua mwenyewe.

Wageni wa Mbeya hawakuuliza. Waliona mbuzi, wakaondoka.

Rozalia ndiye aliyewapigia magoti mpaka wakakubali kurudi mara moja, ya mwisho. Sharti lao: wananchi wa vijiji vyote wakusanyike, wanyooshe mikono mbele ya bodi kwamba wataibeba hospitali kwa nguvu zao, matofali yao, kuni zao na chakula chao. Mikono ikionekana, hospitali inabaki. Isipoonekana, Dokta Gwakisa anapanda gari pamoja na wageni siku hiyohiyo.

Na Rozalia hakuwa anapigania kuta. Alikuwa anampigania Tusekile, binti yake wa pekee. Mimba ya kwanza ya Tusekile iliishia njiani, ndani ya pikapu iliyonasa kwenye tope wakimkimbiza mjini. Mtoto alikufa, mama akapona kwa kisu. Sasa ana mimba nyingine, kubwa, na daktari alishasema hawezi kujifungua bila kupasuliwa. Yuko hapohapo hospitalini, kwenye nyumba ya wajawazito wanaosubiri siku zao, na siku yake ni wiki ijayo. Masika haya barabara ya mjini ni uji mtupu. Daktari akiondoka, Tusekile anarudi kwenye pikapu.

Haya, tumefika. Ni asubuhi ya mkutano.

"We sista."

Sauti ilitoka chumba cha pembeni, kile cha wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu. Alikuwemo mtu mmoja tu, Mzee Sosthenes. Mapafu yalikuwa yamemchoka lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Wiki nzima alikuwa ametukana wauguzi, ametukana uji, amelitukana hata godoro. Ila kupelekwa mjini alikataa katakata. "Mjini mtu anakufa hata hawajui ni wa ukoo gani," alisema. "Niacheni hapa."

"Naam, mzee wangu." Rozalia akaingia.

"Niitie Kasian."

Kasian ni mwanawe wa kiume, hana mwingine. Tena ndiye mwenyekiti wa kijiji, na ndiye atakayeongoza mkutano na kuitisha mikono. Rozalia akachungulia dirishani. Kasian alikuwa uwanjani anafunga kamba za turubai, anaamrisha huku, anatania kule. Watu walikuwa wanaingia makundi kwa makundi. Lori la Naima, mfanyabiashara wa Mlandege na rafiki mkubwa wa Rozalia, lilikuwa limeshusha akina mama wa bondeni pamoja na masufuria yao. Tangu hospitali ijengwe, uwanja ule haukuwahi kujaa hivyo.

"Ana kazi kidogo, mzee. Atakuja."

"Kazi gani hiyo kubwa kuliko mimi?"

"Wageni wa Mbeya wanafika sasa hivi. Mkutano ukiisha tu, namleta mwenyewe kwa mkono wangu."

Mzee akamtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, pua imechongoka, na midomo imekauka. Rozalia ameuguza watu tangu usichana wake. Hakuhitaji kuambiwa.

Alijua. Nakwambia alijua, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, machozi yakimtoka, kwamba alijua.

Lakini hebu jiweke mahali pake. Mwenyekiti akiitwa katikati ya shughuli aende kwa baba yake mgonjwa, watu hawangoji kuelezwa. Kabla hajafika mlangoni akina mama wameshafunga kanga. Uwanja wote unahamia nyumbani kwa Mzee Sosthenes, na bodi inabaki na mbuzi kwa mara ya pili.

"Mwambie aje sasa," mzee akasema. "Nina neno naye. Mwite, mwanangu."

Mwanangu! Mtu ambaye wiki nzima hakumwita lingine ila "we sista".

"Anakuja, baba," Rozalia akasema. "Pumzika kidogo, anakuja."

Akatoka. Unadhani alikwenda kumwita? Alikwenda jikoni kuangalia chai ya wageni. Alisimama pale akaikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa, huku anajipa moyo: bado kidogo, mtu mwenye mdomo vile haendi upesi, bado kidogo tu. Mara honi ya gari la wageni ikapigwa getini, na akina mama wakapiga vigelegele.

Aliporudi chumbani, Mzee Sosthenes alikuwa amegeuzia uso mlangoni. Macho yalikuwa wazi. Pumzi haikuwepo.

Rozalia akafunga mlango kwa ndani. Hakulia. Alimfumba macho, akamnyoosha mikono na miguu, maana mwili haungoji mtu. Akachana ukingo wa kanga yake mwenyewe, aliyojifunga juu ya sare, akamfunga kidevu, kifundo akakikaza utosini. Kazi ile kwa haki ni ya ndugu wa damu, na yeye alilijua hilo pia. Kisha akamvuta kofia yake ya sufu ikafunika kifundo, akampandisha blanketi mpaka chini ya macho. Ukimtazama kwa mbali, ungesema mzee anaogopa baridi.

Kumpeleka chumba cha maiti haikuwezekana. Kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na machela ingepita katikati ya watu.

Mlango ukagongwa. "Rozi! Mbona umejifungia? Wageni wamekaa. Yule mama yao kavaa viatu vyeupe, kwenye tope hili, masikini wa Mungu!"

Alikuwa Naima, na Naima akigonga hakai akangoja. Rozalia akamfungulia, naye akaingia na chupa ya uji mkononi.

"Mzee, leo nimetia sukari, unitukane vizuri."

Mzee hakutukana. Naima akainama, akamgusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Rozi, huyu mtu amekufa!"

"Punguza sauti."

"Unajua?"

"Najua."

"Na Kasian anajua?"

"Hajui."

"Basi tunangoja nini? Twende tukamwambie."

"Naima, nisikilize. Msiba huu usitangazwe leo. Sisemi leo yote, mpaka mikono ihesabiwe tu. Nusu siku."

Naima akaiweka chupa chini. "Kwetu maiti hangojeshwi, shoga yangu. Hata mvua imwagike, tunaharakisha."

"Na kwetu hangojeshwi. Unadhani silijui hilo?"

"Mtoto wake yuko nje pale anachekesha watu, Rozi!"

"Akijua sasa, uwanja unabaki mtupu. Gwakisa anapanda gari. Wiki ijayo Tusekile anashikwa na uchungu, nampeleka na nini? Na lori lako?"

Naima akalitazama lori dirishani. Lori lake asubuhi ile lilikuwa limesukumwa na wanaume, wamepakwa tope mpaka masikioni, na hapo halikuwa na mgonjwa ndani.

"Tusekile nampenda kama wa tumbo langu," akasema mwishowe. "Sitakutangulia kwenda kusema. Lakini hili unalofanya ni baya, Rozi. Nimekwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Akatoka bila chupa yake.

Mkutano ukaanza. Mgeni mkuu alikuwa Mama Eveline, mkurugenzi wa bodi, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu najua mmeshaanza kumchukia.

"Mara ya kwanza," akasema kwenye maiki, "mlituacha tukazungumza na mbuzi."

Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Kasian akachukua maiki.

"Mama Mkurugenzi, ile siku tulikuwa tunazika. Ndivyo tulivyo. Mtu akifa, tunaacha kila kitu. Sikudanganyi, mama, kama leo kungekuwa na msiba, hata mimi mwenyekiti usingeniona hapa."

"Kweliii!" uwanja ukaitika.

Rozalia alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Akajisemea, wanyooshe mikono sasa, wanyooshe sasa hivi, Mungu wangu, mtu asiongeze neno.

Lakini Kasian ni mtu wa kuongeza neno.

"Mnasema hatuitaki hospitali. Baba yangu mzazi yuko ndani ya jengo lile! Mjini amekataa. Hapa anawatukana wauguzi kutwa, na kutwa wanamgeuza, wanamwogesha, wanamlisha. Mama, usinisikilize mimi, mimi ni mwanasiasa. Twende ukamsikie mwenyewe. Akikutukana ujue amekupenda!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Mama Eveline akasimama. "Twende," akasema. "Hilo ndilo ninalotaka, nisikie kwa mgonjwa."

Rozalia akakimbia akawawahi mlangoni.

"Mwenyekiti, mzee amelala. Tupige kura kwanza, wageni watamwona baadaye."

"Dada Rozalia, baba yangu lini amelala mchana?"

"Leo amepata usingizi mzuri."

"Basi tutamwangalia hivyohivyo amelala. Hata mimi sijamwona tangu jana, kwa hizi turubai zenu." Akampita, akiwa bado anatabasamu.

Chumba kilikuwa kidogo. Mama Eveline alibaki kizingitini. Dokta Gwakisa akaingia nyuma ya Kasian, akalitazama lile blanketi. Lilikuwa halipandi wala halishuki. Akageuka akamtazama Rozalia, na Rozalia akatikisa kichwa kidogo tu: usiseme. Daktari akakitazama kiatu chake.

"Kamwene, baba," Kasian akasalimia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akalishusha blanketi taratibu, kama mtu anayemwamsha mzazi wake.

Akauona utepe wa kanga, wa kijani na manjano, umefungwa kidevuni. Akainua macho, akaitazama kanga aliyovaa Rozalia, ya kijani na manjano, ukingo umechanwa.

"Amelala mzee wetu?" Mama Eveline akauliza kwa sauti ya chini.

Kasian alirudisha blanketi lilivyokuwa.

"Amelala, mama," akasema. "Dokta, watangulize wageni. Nakuja."

Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili na marehemu.

"Tangu lini?"

"Honi ya wageni ilipopigwa."

"Honi." Kasian akarudia neno lile. "Nimesimama pale nachekesha watu. Nimewaambia baba yangu anatukana. Na wewe umeegemea nguzo unanisikiliza."

"Kaka Kasian, nilitaka kura ipite kwanza..."

"Najua ulichotaka! Hata mimi naitaka hiyo kura. Si mke wangu alijifungulia hapa? Ungeniambia, unadhani nisingekaa nikafikiri? Ungeniambia mimi, Rozalia! Mimi!"

Hilo Rozalia hakuwahi hata kuliwaza. Alimwaza mwenyekiti, alimwaza mwenye msiba. Mtoto wa mtu hakumwaza.

Kasian akamshika baba yake mkono, akalia. Alilia bila sauti, mabega yakiruka, akijizuia kwa sababu ya watu waliokuwa nje. Halafu akajifuta uso kwa kiganja.

"Umemfunga vizuri," akasema. Neno lile lilimchoma Rozalia kuliko tusi lolote la marehemu.

"Nisamehe."

"Nenda ukawaambie."

"Mimi?"

"Umemficha wewe, umtoe wewe."

Akaenda. Uwanjani kikundi cha akina mama kilikuwa kinaimba kuwachangamsha wageni. Rozalia akaichukua maiki, na wimbo ukafia hewani, maana uso wake ulishasema kabla yake.

"Ndugu zangu," akasema. "Mzee Sosthenes hatunaye. Amefariki asubuhi hii. Mwenyekiti hakujua. Mimi nilijua, nikamficha, ili tupige kura."

Kilio kikapasuka upande wa masufuria. Kikapokelewa bondeni, kikarudi.

Laiti wangemrushia mawe! Hawakumrushia kitu. Waliinuka tu. Kanga zikafungwa viunoni. Masufuria yakaepuliwa na wali ukiwa haujaiva. Wanaume waliokuja na matofali kichwani kama mfano wa mchango wao wakayaweka chini, wakaulizana nani ana sepeto. Bibi mmoja akapita mbele ya Rozalia, akatema mate pembeni.

"Na mimi nije nifie hapa mnifiche?" akasema. "Hospitali gani hii?"

Hilo nalo Rozalia hakuwa amelipigia hesabu. Watu walikuwa hawaondoki kwa ajili ya msiba peke yake tena.

Mama Eveline alisimama, viatu vyake vyeupe vimezama kwenye tope, akiutazama uwanja unavyomwagika. Akamtazama dereva. Dereva akatoa ufunguo mfukoni. Begi la Dokta Gwakisa lilikuwa ndani ya gari tangu asubuhi, tayari kwa lolote.

Na kwenye baraza la nyumba ya wajawazito, Tusekile alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ukuta. Alikuwa anauona uwanja wote. Alikuwa anaona watu wanavyotoka getini, na anajua maana yake.

Kasian alikuwa ametoka ndani. Rozalia akamwendea, akapiga magoti kwenye tope, mbele za watu, muuguzi mzima na sare yake nyeupe.

"Mwenye msiba ndiye mwenye neno," akasema. "Wewe peke yako ukisema wasimame, watasimama. Waambie wanyooshe mikono tu, halafu unifanye utakalo. Usimwangalie Rozalia. Mwangalie yule pale barazani, yeye hajakukosea."

Kasian akamtazama Tusekile kwa muda mrefu. Akamwinamia Rozalia, wakawa uso kwa uso.

"Nijibu moja. Baba aliniita?"

Rozalia akageuza macho barazani.

"Nakuuliza. Kabla hajaenda, aliniita?"

Ndani ya chumba kile walikuwa wawili, mmoja amekufa. Hapakuwa na shahidi. Na getini watu walikuwa wanazidi kupungua.

"Hakuita," Rozalia akasema. "Alilala tu, akaenda."

Nimeandika nilivyosimuliwa. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikatoka nje kupunga upepo, maana huyu mwanamke nampenda na nilitaka aseme lingine.

Kasian akajinyoosha. Akapandisha mkono juu, akapaza sauti bila maiki.

"Wanyalukolo, ndugu zangu! Simameni!"

Wakasimama. Waliokwisha kuvuka geti wakarudi wakachungulia.

"Baba yangu amengoja tangu asubuhi. Atangoja kidogo tena. Wanaosema hospitali hii ni yetu, na tutaibeba wenyewe, wanyooshe mikono. Halafu twendeni tukamlilie."

Kwanza hakuna aliyenyoosha. Halafu Naima akanyoosha, peke yake, katikati ya akina mama wa bondeni, machozi yakimtiririka. Wakafuata waliokuwa karibu naye. Mikono ikapanda yenye miiko, yenye watoto wachanga, yenye masepeto. Yule bibi aliyetema mate alichelewa sana, akamtazama Kasian, akamtazama tena, mwishowe akapandisha wa kwake nusu.

Mama Eveline alikuwa anajifuta macho. "Imepita," akasema. "Mwenyekiti, saini muhtasari wa mkutano, na daktari tunamwacha. Poleni sana, baba."

Rozalia alikuwa bado amepiga magoti. Akaficha uso mikononi, akalia kilio alichokizuia tangu asubuhi.

"Leo sisaini," Kasian akasema.

"Mwenyekiti?"

"Mkono wangu hauandiki kitu baba yangu akiwa hajazikwa. Kwetu siyo hivyo. Nitasaini kesho makaburini, nikishamtia udongo."

Mama Eveline akafikiri. "Haya. Tutalala Iringa mjini, kesho tutakuja maziko. Dokta, begi lako libaki kwenye gari mpaka mwenyekiti asaini."

Dokta Gwakisa akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kulichukua, akaurudisha.

Watu wakaanza kutoka, safari hii kwa utulivu, wakiimba wimbo wa msiba. Kasian hakuwafuata. Alimngoja Rozalia asimame na kujifuta tope magotini.

"Kesho, kabla hatujamshusha," akamwambia, "unaijua desturi. Aliyekuwa naye mwisho anasimama kichwani pa jeneza, anaweka mkono juu yake, anawaeleza watu marehemu alivyoondoka na alichosema. Ni wewe."

"Kaka Kasian, labda dada zako..."

"Dada zangu hawakuwepo. Ulikuwepo wewe." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Baba yangu alikuwa mtu wa maneno. Wiki nzima hakunyamaza hata akiwa usingizini. Mtu kama yule aondoke kimya? Sijaelewa. Utanielewesha kesho, mkono wako ukiwa juu yake na mimi nakutazama. Nikishakusikia ndipo nitajua kama kalamu ya yule mama naipokea au siipokei."

Rozalia akaukusanya ukingo wa kanga yake uliochanika.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti."

"Utasimama?"

"Nitasimama."

Ameshaitikia mbele ya mwenye msiba. Huku kwetu hapo ndipo mwisho wa maneno, hakuna cha kusema nimeumwa wala nimesafiri. Kasian akaingia ndani kumchukua baba yake, wanaume wa ukoo wakamfuata na machela.

Tusekile alikuwa ameshuka barazani, anatembea kwa kujivuta, uso wote unacheka na machozi yanamtoka. Akamkumbatia mama yake pale kwenye tope, tumbo likiwa katikati yao.

"Mama, wamekubali! Nimeiona mikono. Nitazalia hapa, mama, siendi tena kwenye lile gari!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi tu."

"Na nimemsikia Kasian, eti kesho ndiwe utakayeongea makaburini? Mama, utasema nini?"

Rozalia akamwekea kiganja tumboni. Mtoto akageuka huko ndani, kwa nguvu, mpaka wote wawili wakamsikia. Machela ikatoka mlangoni, ikapita mbele yao, ikashuka bondeni na watu wake. Rozalia alikuwa bado hajamjibu binti yake.